Usifagie Kabla Hajafika

Esther wa ofisini ndiye aliyenisukuma niandike haya. Alisema kabati la ofisi limejaa ripoti zinazoeleza tuligundua nini, lakini hakuna hata ukurasa mmoja unaoeleza tuliingiaje katika nyumba za watu. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika, shule niliiacha sekondari darasa la tatu. Akanijibu kwamba wanaoingia kazini siku hizi wamesoma sana na bado wanabisha hodi kama askari. Basi nawaandikia ninyi mnaobisha hodi. Ya mshahara sitasema, na ya vyeo hayapo mengi: niliingia nikiwa mpokea wageni, nikatoka nikiwa mhojaji.

Nimestaafu tangu ofisi yetu ya Himbi, hapa Goma, ilipopunguza watu, baada ya vita kuingia mjini na wageni wengi kuondoka. Sijui kukaa. Nahamisha viti. Nafunua sufuria ambayo najua haina kitu. Hata haya nayaandika mistari michache, nasimama, naenda mlangoni, natazama barabara, narudi. Mkikuta wazo limekatika katikati, mjue nilikwenda mlangoni.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu wa Butembo hawajaielewa mpaka leo. Wao husema nilikuwa nikiwapeleleza wazungu. Tulichunguza maisha ya watu wanaofanya kazi nje ya nchi zao. Goma ilikuwa imejaa watu wa namna hiyo. Walikuja na mabegi ya mgongoni, wakapanga Himbi karibu na ziwa, wakafanya kazi ya maji, ya dawa, ya chakula, halafu wakahamia nchi nyingine. Watafiti walitaka kujua kwa nini mmoja anamaliza mkataba wake na mwenzake anaondoka katikati, na mtu akirudi kwao, ile kazi ya huku inamfungulia milango au inamfungia. Baadaye waliongeza swali la pili, na ndilo lililonishika mimi: je, watu wa Goma wenyewe wanaochukuliwa kwenda kufanya kazi katika nchi za wengine? Nao wapo, wengi kuliko tunavyodhani. Muuguzi wa hapa yuko jangwani, fundi wa maji wa hapa yuko kisiwani. Huko nao ndio wageni, wanaohojiwa na mtu kama mimi.

Nilianzia katika nyumba ya kulala wageni pale Himbi. Kazi yangu ilikuwa kutoa funguo, kubadilisha mashuka na kuwaambia watu kwamba umeme utarudi. Mama Odette alifika kama mgeni yeyote. Alikuwa mtafiti, mzaliwa wa Kisangani, mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na miaka mingi alikuwa amefanya kazi Afrika Magharibi. Alitaka kuwahoji wageni wangu, lakini kila alipowaendea mezani walimkimbia. Walidhani ametumwa na mabosi wao. Mimi hawakunikimbia, kwa sababu funguo zilikuwa kwangu. Akaniomba nimpangie miadi. Wiki chache baadaye akaniuliza kama naweza pia kukaa mlangoni wakati wa mahojiano na kushika kinasa sauti.

Siku ya kwanza nilirekodi mvua. Mnajua mvua ya Goma juu ya mabati. Bwana mmoja alisema kwa muda mrefu sana kuhusu ndoa yake na mikataba yake, nami nilikuwa nimeweka kinasa sauti kizuri kabisa chini ya bati lisilo na dari. Tuliposikiliza tulisikia mvua, kikohozi kimoja, na mvua. Nilingoja kufukuzwa. Mama Odette akavua vile vya kusikilizia masikioni, akasema, "Angalau tunajua mvua ilisema ukweli." Siku iliyofuata alinifundisha kutafuta chumba kabla ya kutafuta mtu. Hilo ndilo somo la kwanza nami nawaachia: chumba kwanza. Kisha mfuko wa plastiki wa kufungia kinasa sauti, maana vumbi letu jeusi la mlima linaingia kila mahali na halitoki. Kisha viatu vyenye soli nene. Nimewaona vijana wenye shahada wakirudi ofisini peku kwa sababu mawe ya mtaa wa Birere yalikula viatu vyao.

Mambo mawili magumu yalinifundisha kazi. La kwanza lilitokea chumbani, la pili sakafuni.

Lile la chumbani lilimhusu kijana wa kigeni, mhandisi wa maji. Shirika lake lilitaka kumwongezea muda. Alijibu kila swali vizuri: nyumba nzuri, wenzake wazuri, chakula kizuri, usingizi mzuri. Mama Odette akamshukuru, akanitazama, nikazima kinasa sauti. Yule kijana hakuinuka. Alizungusha kikombe chake, akatazama ziwa dirishani, akaanza kusema. Alisema mpaka chai yake ikapoa na wanawake wa jikoni wakaacha kuosha vyombo. Alipoondoka nilikuwa tayari na kalamu. Nilimwambia Mama Odette kwamba haya ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta muda wote, tuyaandike haraka kabla hatujasahau.

Akaniuliza, "Ulizima?"

"Nilizima."

"Basi si yetu."

Nilikasirika. Niliona tunatupa chakula kizuri jalalani. Lakini yeye hakubishana, alikunja karatasi zake tu. Tangu siku hiyo, hii ndiyo ikawa sheria yetu: kinachosemwa baada ya kuzima ni cha aliyekisema. Nimebeba vingi vya namna hiyo. Sitawaambia alichosema yule mhandisi, hata sasa ambapo nadhani ameshasahau jina la mji huu. Mtakaoniuliza, mtanikuta nahamisha viti.

Lile la sakafuni lilitokea Birere. Muuguzi mmoja wa huko alikuwa amepata kazi nje kwa mara ya kwanza, nasi tulitaka kuzungumza na mke wake wakati mambo bado ni mapya. Nyumba ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano, na milango ya majirani ilikuwa karibu kiasi kwamba mtu angeweza kupitisha chumvi bila kutoka nje. Mume alikuwa ameondoka juzi yake. Sakafu ilikuwa na kila kitu cha kuagana: vifuniko vya soda, maganda ya miwa, matope ya viatu vya watu wengi. Mke alitukaribisha, akatoka kutafuta makaa ya kuchemshia chai.

Mama Odette hakuwa mtu wa kukaa mbele ya sakafu chafu. Alilelewa hivyo, nami pia; mgeni mwanamke akikuta mwenye nyumba amezidiwa, anashika kazi. Akaona ufagio, akaanza kufagia kutoka kona ya dirisha. Mimi nilikuwa nakusanya vifuniko. Tulijiona wageni wema kweli kweli. Ndipo mlango wa chumba cha ndani ulipofunguka akatoka mama wa yule muuguzi, mwanamke mzee wa asili ya milima ya Masisi, amejifunga kitenge kifuani.

"Mama, weka iyo fagio chini," akasema.

Mama Odette akacheka kwa upole. "Acha tukusaidie, mama muzee."

"Munanisaidia kumuzika? Mutoto wangu hajafika kule bado. Mukifagia nyayo zake sasa, atarudia wapi?"

Hatukuwa tunajua. Katika nyumba yao, mtu akienda safari ndefu, hakuna anayefagia mpaka habari ije kwamba amefika. Mtu ambaye nyayo zake hufagiwa bila kungoja ni yule aliyepelekwa makaburini. Mke aliporudi na makaa alitukuta tumesimama kama wanafunzi, akafunika mdomo kwa kitenge, sijui kwa hofu au kwa kicheko.

Kisha Mama Odette alifanya kitu ambacho sijakisahau. Aliweka ufagio chini, akapiga magoti, akachota lile vumbi alilokusanya kwa viganja vyake, akaanza kulirudisha. Mtu mwenye udaktari. Alilitandaza taratibu, na maganda ya miwa juu yake. Mimi nikarudisha vifuniko vyangu. Mzee alisimama juu yetu akisimamia kazi.

"Pale pia," akasema. "Kona ile ilikuwa na tope."

Hatukuhoji mtu siku hiyo. Yule muuguzi alichelewa kupiga simu, na kwa muda wote huo mimi na Mama Odette hatukuwa na raha ofisini. Kila simu iliyolia tuliinua vichwa. Hatimaye habari ikaja. Mzigo wake ulipotea njiani akalala kwenye viti vya uwanja wa ndege katika nchi ambayo hakuwa akienda. Mama yake alishikilia mpaka mwisho kwamba kuchelewa kule kulilingana sawasawa na kile kipande cha sakafu tulichokuwa tumefagia. Mama Odette aliitwa Mama Fagio katika nyumba ile tangu hapo, na aliitika.

Ndipo akatoa sheria yetu ya pili. Tukiingia kwa watu, hatutengenezi kitu. Tunakaa. Tukipewa kazi, tunaifanya. Na kazi inayofaa kuliko zote ni kuchambua maharagwe, kwa kuwa maharagwe ya kwetu yanauzwa pamoja na mawe yake, na mtu mwenye mikono kwenye sinia halazimiki kukutazama usoni. Swali la kwanza linangoja. Mara nyingi halihitajiki, mwenyeji analijibu kabla halijaulizwa. Nimefanya mahojiano ambayo ukiyasikiliza unasikia dakika nyingi za maharagwe yakianguka kwenye sinia, na kijana anayeyaandika kwenye kompyuta akaniuliza kama mashine iliharibika.

Kisha mume wangu akafa.

Baba Jospin alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshuka na viazi kutoka Kibati. Aliugua muda mrefu, akafa kwa ugonjwa kama watu wengine wanavyokufa, katika mji ambao watu hudhani kila kifo kina bunduki. Tulifunga turubai uani, tukawasha moto, tukakaa matanga. Wenzangu wa ofisi walikuja. Wageni walisimama karibu na lango wakiwa wameshika mikono yao, hawajui mahali pa kukaa, na sikuwa na nguvu ya kuwaonyesha. Mama Odette alipita katikati yao, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu nami, akavuta sinia la maharagwe ya wapishi. Hakuniuliza kitu. Alichambua mpaka jioni.

Tuliporudi kutoka makaburini wanawake wa mtaa walifagia nyumba. Mjane hafagii, anakaa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikasikia ufagio ukipita chumbani, sebuleni, mlangoni. Mapadri walikuwa wamesema maneno mazuri asubuhi ile na sikuwa nimeyasikia. Ufagio niliusikia.

Nilirudi kazini mapema kuliko nilivyoshauriwa. Nyumbani nilikuwa nazunguka tu. Mama Odette naye, miaka kadhaa baadaye, alichukua kazi nje, mbali, kwenye chuo kikuu ambacho siwezi kutamka jina lake. Mahojiano yake ya kuondoka niliyafanya mimi, kama ulivyo utaratibu. Alijibu kama mtu aliyeandika maswali mwenyewe, maana aliyaandika. Kisha akanyoosha mkono akazima kinasa sauti. Yaliyofuata si yetu.

Mahali pake aliletwa Esther, msichana wa Masisi, mwerevu, mwenye maswali mengi kama mvua ya mawe. Katika nyumba ya kwanza niliyompeleka aliuliza mwenyeji ana watoto wangapi kabla hajaketi. Nilimwekea sinia magotini. Akaninong'oneza, "Mama Jospin, mimi nilisomea takwimu." Nikamwambia kwamba mawe yako ndani humo, ayahesabu. Alinuna njia nzima ya kurudi. Lakini safari ya tatu au ya nne alilivuta sinia mwenyewe, nami nikajua ofisi itaendelea hata mimi nikiondoka.

Sasa nifike kwa Jospin, ambaye ndiye sababu ya kwenda kwangu mlangoni.

Mungu alitupa mtoto mmoja. Ni fundi wa pampu za maji. Ana mikono ya baba yake na mdomo wangu wa zamani, kabla kazi haijanifundisha kunyamaza. Shirika lililokuwa limemwajiri hapa lilipofunga, lingine likamtaka aende nchi ya jangwani, kaskazini, kwa mkataba wa mgeni. Alikuja na habari hiyo tukiwa tunakula. Alikula, akanawa, akakaa kwenye kizingiti akigeuzageuza kipande cha bomba.

"Mama, weye unajua," akasema. "Umesikiliza batu miaka yote. Bale benye banaendaka, banakutanaka na nini kule? Na bale banabakiaka?"

Hapo nilipata shida ambayo hakuna aliyenifundisha. Masikioni mwangu mlikuwa na sauti zote. Nilijua mtu aliyerudi akiwa tajiri na mtu aliyerudi akiwa mgeni kwa watoto wake. Nilijua wake waliojifunza kuendesha maisha peke yao wakafurahi, na wengine walioketi wakitazama simu. Ningechagua sauti tatu tu, kwa sauti ya kawaida, huku nikiosha sahani, Jospin angebaki. Ningechagua nyingine tatu, angekimbia kufunga begi. Zote zingekuwa za kweli. Na zote nilipewa na watu walioniamini, hazikutolewa ili nizitumie kumvuta mwanangu huku au kule.

Nikamwambia, "Ya batu si yangu kukupa. Nitakupa yangu. Sipendi uende. Nyumba hii iko kubwa tangu baba yako alikwenda, na ukienda itakuwa kubwa zaidi. Lakini ile si sababu ya kubaki. Ile ni woga wangu tu."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na mimi nimezoea zaidi.

"Mama, uko unanihoji?"

"Hapana. Kazi yenyewe unaitaka?"

"Naitaka sana."

"Basi uende. Usiseme unaenda kwa ajili yangu, na usiseme ulibaki kwa ajili yangu."

Akaweka lile bomba chini. Sikulala vizuri baada ya siku ile, sitadanganya. Mara nyingi nilitaka kumwita nimwambie nimebadilisha mawazo, lakini sikuwa nimebadilisha. Nilikuwa nimechoka tu kuwa mkweli.

Uwanja wetu wa ndege haufanyi kazi siku hizi, kwa hiyo aliondoka kwa miguu. Nilimsindikiza hadi mpakani kupitia Birere, katikati ya wanawake wenye beseni za nyanya. Kijana mmoja wa chukudu alilitazama lile begi kubwa akamuuliza, "Kaka, unahama ao unakimbia?"

"Naenda kuwa muzungu," Jospin akajibu.

"Ukifika, utume rangi kidogo!"

Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka. Kisha afisa akamwita na akavuka. Aligeuka mara moja, akainua mkono, na beseni za nyanya zikamficha. Upande wa pili angepanda basi hadi Kigali, na kutoka huko ndege. Alisema kesho yake jioni nitapata sauti yake.

Nilirudi nyumbani nikautazama ufagio. Sakafu ilikuwa na matope ya viatu vya marafiki zake, vipande vya karatasi alizofungia vifaa vyake, na unyayo wake mmoja mzima karibu na mlango, wa mguu wa kulia. Desturi ile si ya kwetu. Niliichukua kazini, kama wengine wanavyochukua kalamu za ofisi. Nikauweka ufagio nyuma ya mlango.

Kesho yake jioni simu haikulia. Kesho kutwa pia. Namba yake ilikuwa imezimwa, na ofisi iliyomtuma haina mtu hapa Goma wa kumuuliza. Nilizunguka nyumba nikiruka ule unyayo. Nilipika nikasahau kula. Nilipanga vyombo kwa ukubwa, halafu nikavipanga kwa rangi. Jirani yangu Mama Ushindi alichungulia akaona sakafu, akashangaa, maana ananijua kwa usafi.

"Mama Jospin, uko mugonjwa? Vumbi iko karibu kuota majani."

Nikamwambia niko mzima. Akasema basi atume binti yake aje kufagia. Nilikataa haraka mno, na nadhani nilimuudhi.

Esther alikuja asubuhi iliyofuata. Kabla ya kuondoka, Jospin alikubali kuwa mmoja wa watu wanaofuatiliwa katika utafiti, na kwa kawaida yetu mhojaji huenda kwa familia iliyobaki. Familia iliyobaki ni mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipomwona langoni na mfuko wake wa plastiki nilitaka kumrudisha. Nilijua kila swali lililokuwa katika mfuko ule. Mengine niliyaandika kwa mkono wangu. *Tangu aondoke, ni kitu gani kimebadilika nyumbani?* Nilijiona nikijibu kama yule mhandisi: vizuri, vizuri, vizuri.

Alivua viatu. Akatazama sakafu. Akautazama ufagio nyuma ya mlango, kisha ule unyayo, na nilimwona akiuona. Hakusema pole, hakuuliza kama amefika. Alipita kando ya ukuta, akaketi kwenye kigoda, akaona sinia la maharagwe nililoliacha hapo tangu jana, akalivuta magotini. Kinasa sauti kilibaki ndani ya mfuko.

Mimi nilisimama. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikahamisha kiti. Maharagwe yalikuwa yakianguka. Hakuinua kichwa. Nimewafanyia watu hivyo maisha yangu yote na sikuwa najua jinsi kimya kile kinavyomsukuma mtu. Mwishowe nikaketi mkabala naye, nikaingiza mikono yangu katika sinia lile lile.

"Mimi ndiye nilimwambia aende," nikasema.

Esther akatoa jiwe, akaliweka kando. Nikaendelea. Nilisema kuhusu Jospin, na kutoka kwa Jospin nikafika kwa baba yake, na ule ufagio wa siku ya mazishi ambao sikuwahi kumwambia mtu. Mengine niliyosema si ya kwenu. Kinasa sauti hakikuwa kimewashwa.

Sinia lilikuwa karibu kwisha simu ilipolia. Namba ilikuwa ndefu, ya kigeni. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la maharagwe, simu ikateleza. Esther akaidaka, akaniwekea sikioni.

"Mama, nimefika. Ndege ilituacha, tulilala njiani, simu ikazimika. Kuko joto sana huku. Banataka kujua natoka wapi kila saa."

"Umekula?"

"Nimekula. Uko aje?"

"Niko," nikasema. "Pigia tena kesho."

Niliweka simu mezani. Esther alikuwa anatazama mawe yake. Kisha nikainuka nikautoa ufagio nyuma ya mlango. Yeye akainua miguu yake bila kuambiwa, kama mtoto. Nilianza na kona ya dirisha, nikapita chini ya meza, chini ya kitanda cha Jospin, nikarudi sebuleni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuusikia ufagio ndani ya nyumba hii bila kukaza meno; safari hii ulipofika mlangoni ulikuwa mkononi mwangu. Ule unyayo niliuacha wa mwisho. Niliufagia pia.

Nilinawa, nikaweka maji motoni, nikaketi mahali pangu. Nje hapakuwa na mvua, nami nilikuwa nimeshachagua chumba.

"Mama Jospin," Esther akasema, "sasa niwashe?"

"Washa," nikamwambia.